Je, Ni Dhambi, Ni Pepo, au Ni Njaa ya Ubongo?



Tunamshukuru Mungu aliyetutunza tangu siku tulipovuka mpaka na mizigo kichwani hadi leo hii. Katika toleo hili hatuandiki juu ya semina wala juu ya ujenzi wa kanisa. Tunaandika juu ya jambo ambalo limetusumbua sisi viongozi wenu kwa miezi mingi. Ni jambo la aibu kwetu, lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Afadhali tuliseme.

YALIYOTOKEA

Wengi wenu mlikuwepo. Kwa wale ambao hamkuwepo, tunaeleza kwa ufupi, bila kutaja majina, na kwa ruhusa ya wahusika wenyewe.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya juma la kufunga na kuomba, mwanzoni mwa mwaka uliopita. Shemasi wetu mmoja, mtu mpole ambaye hatujapata kumsikia akipandisha sauti hata kwa mtoto, alisimama katikati ya matangazo bila kuitwa. Jasho lilikuwa linamtiririka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Akaanza kusema maneno yasiyoshikana. Halafu akamnyoshea kidole mweka hazina wetu, mama anayeheshimika, akamwita mwizi wa sadaka mbele ya kanisa zima. Wahudumu wa mlangoni walipojaribu kumkalisha, akawasukuma. Watu wakanong'ona, "Amekunywa." Kisha akaanguka, mwili ukakakamaa, mikono na miguu ikaanza kutupatupa, povu likamtoka mdomoni. Hapo mnong'ono ukabadilika, "Ni pepo."

Na sisi, tuseme kweli, tulifuata mnong'ono. Tulimzunguka, tukamshika mikono na miguu kwa nguvu, tukakemea kwa sauti kubwa. Binti yake wa miaka 12 alijipenyeza katikati ya watu akilia, "Baba ana sukari! Baba ana sukari!" Tukamwambia akakae na watoto wenzake. Mtu mmoja tu alimsikia: bibi yetu mmoja aliyekuwa mkunga kule Kivu kabla ya vita. Ndiye aliyetusukuma pembeni, akangoja mwili utulie, akamlaza shemasi kwa ubavu na kuagiza vijana walete machela. Kwenye kituo cha afya mhudumu alimchoma kidole, akapima, akaona sukari imeshuka mno, akamwekea maji ya sukari kwenye mshipa. Haukupita muda mrefu akafumbua macho. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ibada imekwisha?" Hakukumbuka neno hata moja.

Juma lililofuata baraza la wazee lilikaa. Ndipo tulipojua kwamba ndugu yetu ana kisukari kwa miaka mingi na anajichoma insulini. Asubuhi ile alijichoma kama kawaida, lakini hakula. Hakula kwa sababu kanisa lilikuwa limefunga, naye aliona aibu shemasi aonekane anatafuna. Tena hakula kwa sababu unga ulikuwa umekwisha nyumbani. Ninyi mnajua jinsi mgao ulivyopungua, na jinsi siku za mwisho wa mwezi zilivyo.

Katika baraza tuligawanyika. Wa kwanza walisema: Bwana alifundisha kwamba kinywa hutoa kile kilichojaa moyoni, basi shemasi ametoa ya moyoni mwake, na atiwe chini ya nidhamu. Wa pili walisema: ni pepo, afanyiwe maombi ya kufunguliwa. Wa tatu walisema: ni mgonjwa, yaishe, tusizungumze tena. Lakini mweka hazina, aliyekuwa amekaa kimya, akauliza, "Na mimi je? Nikipita sokoni watu wanakohoa. Nani atanirudishia jina langu?"

Hapo baraza lilinyamaza. Na swali hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi. Je, mtu anaweza kuhukumiwa kwa neno alilolisema wakati ubongo wake hauna chakula? Na kama hawezi kuhukumiwa, maumivu yaliyoletwa na neno hilo yanabebwa na nani?

UBONGO UNAKULA NINI

Usilolijua ni usiku wa giza. Tulikwenda kwa wahudumu wa afya tukaomba watufundishe, na tuliyojifunza tunawagawia.

Ubongo wa mtu mzima ni mdogo. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili. Lakini hata tukiwa tumepumzika, unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili. Chakula chake cha kila siku ni sukari iitwayo glukosi, inayoletwa na damu. Misuli ina akiba yake, ini lina akiba yake, na mafuta ya mwili ni akiba. Ubongo hauna ghala la maana. Unaishi kama tunavyoishi sisi tukingoja mgao: kinacholetwa leo ndicho kinacholiwa leo.

Wataalamu huhesabu kwamba sukari imeshuka inapokuwa chini ya miligramu 70 katika desilita moja ya damu, yaani milimoli 3.9 kwa lita. Hapo mwili hupiga kengele: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali. Ikishuka chini ya miligramu 54, yaani milimoli 3.0, ubongo wenyewe huanza kupungukiwa. Kinachoyumba kwanza ni mambo ya juu: kufikiri, kuchagua maneno, kujizuia. Kupumua na mapigo ya moyo huendelea. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama, kutembea, kuongea, hata kugombana, macho yakiwa wazi, na bado mwenye nyumba hayupo ndani. Anafanana na mlevi, lakini hajaonja pombe.

Sukari ikizidi kushuka, huja kutupatupa mikono na miguu na kupoteza fahamu. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na kuutuliza umeme huo kunahitaji nguvu. Nguvu ikikosekana, chembe nyingi huwaka pamoja bila utaratibu, na mwili hutikisika. Hali hii si lazima iwe ugonjwa wa kifafa. Kifafa chenyewe hurudi mara kwa mara hata kama sukari ni nzuri. Kutikisika kwa shemasi wetu kulitokana na sukari. Na yote mawili hayaambukizwi, wala kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa.

Wengine waliuliza: mbona sisi tulifunga siku saba na hatukuanguka? Ni swali zuri. Mtu asiye na kisukari akifunga, mwili wake hupunguza insulini wenyewe, ini hufungua ghala lake na kutoa sukari polepole, na baadaye mwili hutumia mafuta. Lakini insulini iliyokwisha kuchomwa haijui kwamba kanisa limetangaza kufunga. Inaendelea kushusha sukari, na inalizuia ini lisifungue mlango wa ghala. Basi sisi na yeye tuliitwa kufunga kwa neno moja, lakini hatukufunga kitu kimoja. Sisi tulifunga chakula. Yeye alifunga akili yake bila kujua.

ELI ALIKOSEA, NA SISI TULIKOSEA

Mnakumbuka habari ya Hana, mama yake Samweli, katika sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza. Mama yule alikuwa akiomba kwa uchungu, midomo ikicheza na sauti haitoki. Kuhani Eli alikuwa ameketi penye mwimo wa mlango, akamtazama, akaamua kwamba amelewa. Akamkemea. Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtumishi wa Mungu, mzee, mwenye uzoefu. Lakini alihukumu kwa macho kabla ya kuuliza kwa kinywa. Jambo linalomwokoa Eli katika habari ile ni kwamba Hana alipojieleza, alisikiliza, akageuza kemeo lake kuwa baraka.

Shemasi wetu hakuweza kujieleza kama Hana. Ubongo wenye njaa hauwezi kujitetea. Hilo ndilo linaloifanya kesi yake iwe ngumu kuliko ya Hana. Lakini alikuwa na shahidi, mtoto wa miaka 12, naye tulimnyamazisha. Kosa letu halikuwa kuomba. Kuomba ni vizuri siku zote. Kosa letu lilikuwa kujua kabla ya kuuliza.

LAKINI JE, KINYWA HAKIKUTOA YA MOYONI?

Sasa tujibu hoja ya wale wa kwanza, kwa maana ni hoja nzito na wanaoisema wanapenda Neno.

Bwana alipofundisha juu ya kinywa na moyo, alikuwa akiongea na watu wenye akili timamu, waliopima maneno yao na kuyachagua ili kumshutumu. Neno ni la moyo pale mtu mwenyewe yupo na kulichagua. Lakini yako maneno yanayopita mdomoni bila kupita kwa mwenyewe. Mtu akiota ndoto na kutukana usingizini, je, tunamwita barazani asubuhi? Na malaria ikimpanda mtu kichwani? Nani kati yetu hajakesha na mgonjwa anayeweweseka, anayemtukana mama yake mzazi, anayetaka kukimbilia porini? Hatujawahi kumtia mtu kama huyo chini ya nidhamu hata mara moja. Tunasema, "Ni homa inayosema." Tena wahudumu wa afya wametuambia kwamba malaria kali yenyewe huweza kushusha sukari, hasa kwa watoto na akina mama wajawazito.

Basi kwa nini tunamsamehe mwenye malaria na kumshitaki mwenye kisukari? Jibu ni moja: malaria tunaijua. Huruma yetu iliishia pale ujuzi wetu ulipoishia, na hiyo si haki.

Wako waliosema, "Hata kama ni ugonjwa, kwa nini alimtaja mweka hazina na si mtu mwingine? Lazima kuna kitu alikijua." Ndugu zetu, tuwe waangalifu hapa. Hata ndoto hutumia nyuso tunazozijua. Mweka hazina alikuwa amesimama mbele akisoma hesabu wakati ule. Ndiye macho yalimwona. Hata hivyo, kwa ajili ya jina lake, tulifungua vitabu vya sadaka mbele ya washirika, ukurasa kwa ukurasa, na kila shilingi ikaonekana. Tulifanya hivyo kwa sababu mama huyu alistahili kusafishwa hadharani kama alivyochafuliwa hadharani. Hatukufanya kwa kuwa tuliyaamini maneno yale.

NA KAMA ALIJUA KWAMBA ASIPOKULA ATAANGUKA?

Hapa ndipo mahali pagumu zaidi. Mzee mmoja alisema barazani, "Sawa, wakati wa kusema hakuwepo. Lakini asubuhi, alipojichoma dawa na kuacha kula, alikuwepo."

Mzee alisema vema. Kuna kesi moja ya Uingereza ambayo wengine wetu tulifundishwa chuoni katika somo la maadili. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ilisikiliza shauri la muuguzi mwenye kisukari aliyempiga mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Asubuhi alijichoma insulini, akanywa pombe, akala kidogo sana. Hakukumbuka alichofanya. Mahakama ya kwanza ilitaka kumhesabu kama mwenye wazimu. Mahakama ya Rufaa ilikataa na kumfutia hatia. Majaji waliona kwamba ni kinyume cha akili ya kawaida kumpeleka hospitali ya wenye wazimu mtu ambaye mara nyingi hutengemaa kwa donge la sukari. Lakini waliongeza onyo: mtu akijiletea hali hiyo kwa uzembe wake, kwa mfano kunywa pombe kinyume cha ushauri wa daktari, au kuacha kula akiwa ametumia insulini, udhuru huo huenda usimsaidie.

Tunaona hekima katika onyo hilo. Wajibu haufutiki, unahama. Unatoka kwenye dakika ya kuanguka na kurudi nyuma, kwenye saa ambayo mtu alikuwa bado na akili ya kuchagua. Hatumwulizi shemasi, "Kwa nini ulimtukana mama?" Tunamwuliza, "Kwa nini hukula? Kwa nini hukutuambia?"

Tulimwuliza. Naye alijibu kwa machozi. Alisema kwamba katika kanisa alilosali zamani, kabla hatujafika hapa, alitangaza ugonjwa wake, na mtumishi mmoja akamwambia insulini ni kukosa imani, aitupe. Aliitupa. Alikaa siku chache tu akawa karibu na kufa. Tangu hapo aliapa hatamwambia mchungaji yeyote. Kuhusu kula, alisema, "Hata kama nisingefunga, ningekula nini? Watoto watano na bakuli moja la uji."

Wapendwa, mahakama ya Uingereza ilizungumza na mtu ambaye chakula kilikuwepo na hakukila. Ndugu yetu hakuwa na cha kukataa. Miezi ile ya mgao mdogo sukari yake ilikuwa ikishuka mara kwa mara bila sisi kujua. Na wahudumu wa afya wanasema sukari ikizoea kushuka, mwili huacha kupiga kengele: jasho na kutetemeka huja kwa kuchelewa au haviji kabisa. Mtu kama huyo huonekana mzembe, kumbe hakuonywa. Kwa hiyo tulipofuatilia wajibu ule uliohama, tulikuta umegawanyika. Sehemu yake ni ya shemasi, kwa kuficha. Sehemu ni ya yule aliyemfundisha kuogopa. Sehemu ni ya sisi, tuliotangaza kufunga bila kuuliza nani anatumia dawa. Na sehemu ni ya dunia inayopunguza chakula cha watu waliokimbia vita.

KUHUSU PEPO

Wale wa pili walitukumbusha kijana wa Marko sura ya 9, aliyeanguka, akatoa povu na kusaga meno, na Bwana akamwondoa pepo. Hatuipunguzii habari hiyo hata nukta. Lakini tuisome yote. Kabla ya kufanya lolote, Bwana alimwuliza baba yake kijana: amepatwa na haya tangu lini? Mwana wa Mungu, aliyejua yote, aliuliza habari za mgonjwa kwa mzazi wake. Sisi tusiojua mengi hatukuuliza, na mtoto aliyekuja kutuambia tulimrudisha.

Tena Mathayo, katika sura ya 4, anapowaorodhesha wagonjwa walioletwa kwa Bwana, anawataja wenye pepo na wenye kifafa kwa majina mawili tofauti, si kwa jina moja. Basi si kila anayeanguka ana pepo. Na tunasema wazi, ili asiwepo wa kusingizia: katika kanisa hili hakuna mtu, awe mchungaji, nabii au mwombaji, mwenye ruhusa ya kumwambia mgonjwa aache insulini. Dawa hii iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ile isiyo na insulini mwilini alikuwa anazikwa tu. Sisi tunaihesabu kuwa jibu la maombi ya akina mama wengi. Mgonjwa akikosa chakula, asiache dawa kwa uamuzi wake wala azidishe. Aende kituo cha afya waangalie kipimo.

NISAMEHE NA POLE

Turudi kwa swali la mweka hazina. Kama shemasi hakutenda dhambi, nani atamrudishia jina lake?

Lugha yetu ya Kiswahili imetupa maneno mawili, na tunayachanganya mara nyingi. Liko neno "nisamehe," nalo ni la mtu aliyekosa. Na liko neno "pole," nalo halihitaji kosa. Tunampa pole mtu aliyejikwaa kwenye jiwe ambalo hatukuliweka sisi. Wale waliotaka nidhamu walitaka shemasi aseme "nisamehe" kwa jambo ambalo hakulifanya yeye. Wale waliotaka yaishe walitaka asiseme chochote. Njia ya Kikristo ilikuwa katikati, nayo ilikuwa imekaa midomoni mwetu siku zote: pole.

Shemasi mwenyewe ndiye aliyeiona. Jioni moja alikwenda na mkewe nyumbani kwa mweka hazina. Sisi hatukuwatuma. Alimwambia, "Mama, sikumbuki nilichosema, lakini najua kilikuumiza. Pole sana, mama yetu. Nisamehe kwa kuwaficha ugonjwa wangu, hilo nalikumbuka." Tazameni jinsi alivyoyaweka maneno hayo mawili, kila moja mahali pake. Mama naye, baada ya kimya kirefu, alimwambia, "Pole na wewe, mwanangu, kwa jinsi tulivyokukandamiza chini." Wakanywa uji pamoja.

Na sisi viongozi tulisema "nisamehe" siku ya Jumapili, mbele yenu, kwa shemasi, kwa mweka hazina, na zaidi ya wote kwa yule binti.

Lilibaki swali moja. Baadhi walisema kichwa cha shemasi kimeharibika, asihesabu tena sadaka wala kufundisha. Tukauliza. Tuliambiwa kwamba sukari ikishuka sana na kukaa hivyo kwa muda mrefu inaweza kuudhuru ubongo au kuua, na kwamba watoto wadogo na wazee wanahitaji uangalizi zaidi. Lakini wengi wanaosaidiwa mapema hurudi kama walivyokuwa. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada uliwafuatilia watu zaidi ya 1,000 wenye kisukari cha insulini kwa wastani wa miaka 18, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 hayakuonyesha kwamba wale waliozirai au kutikisika kwa sukari walikuwa wamepoteza akili kuliko wenzao. Shemasi amerudi kazini. Anafundisha darasa la ubatizo, na anafundisha vizuri.

TUFANYE NINI

Imani bila matendo mnajua ilivyo. Baraza limekubaliana haya:

Kwanza, tukitangaza kufunga, tutatangaza pia kwamba wenye kisukari, wajawazito, wanaonyonyesha na wote wanaotumia dawa wasifunge chakula. Wafunge kwa namna nyingine. Asiwepo wa kuwahesabu kuwa dhaifu wa imani.

Pili, kwenye sanduku la ushirika kuna kopo la sukari na kikombe. Mfuko wa mashemasi utalijaza kila likipungua. Tunajua sukari ni ghali hapa makazini. Maisha ya ndugu ni ghali zaidi.

Tatu, kila mmoja ajue la kufanya. Mtu mwenye kisukari akitoka jasho, akitetemeka, akichanganyikiwa au akiwa mkali ghafla, kama bado anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Mngoje dakika 15. Asipopata nafuu, apewe tena. Akipata nafuu, ale chakula: muhogo, viazi, mkate au kilichopo. Lakini akiwa ameanguka na hajitambui, asitiwe kitu chochote mdomoni, si maji, si sukari, si kijiko. Asishikwe kwa nguvu. Ondoeni vitu vya kumwumiza, mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni kituo cha afya. Ombeni mkiwa njiani. Mungu anasikia hata wanaotembea.

Nne, mtoto akisema jambo juu ya mzazi wake, asikilizwe.

Wapendwa, kuna habari moja ya kale inayotufariji. Mfalme Sauli aliwaapiza watu wake wasile chochote siku ya vita. Yonathani mwanawe, ambaye hakusikia kiapo, alichovya fimbo yake katika asali, akaonja, na Biblia inasema macho yake yakapata nuru. Sauli alitaka kumwua kwa kosa hilo. Watu ndio waliomwokoa. Walisimama mbele ya mfalme wakakataa. Someni wenyewe, Samweli wa Kwanza sura ya 14. Asali kidogo, macho yakaona. Na mkutano wa watu wa kawaida ukawa na hekima kuliko kiapo cha kiongozi wao.

Sisi viongozi wenu tunakumbuka hilo. Siku tukitangaza jambo bila kuuliza, simameni kama watu wale. Na mkimwona ndugu amebadilika ghafla, kabla hamjasema amelewa, kabla hamjasema ana pepo, mwulizeni swali moja lililo rahisi kwetu sisi tulioonja njaa: ndugu, umekula?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote katika kila nyumba. Amina.